Neti Iliyojikunja

Kwenye sherehe ya kuniaga mlisema mengi mazuri juu yangu, na karibu nusu yake si kweli. Mlisema sijawahi kuchelewa kazini. Nimechelewa sana, hasa mwezi wa saba, ukungu unapolala barabarani mpaka saa tatu na mtu anajiuliza kwa nini hakuzaliwa Tanga mjini. Mlisema pia kwamba katika miaka yangu yote ya thieta hakuna kitu kilichotoka mikononi mwangu kikiwa na kasoro. Mkapiga makofi. Mimi nikaangalia keki. Mliniomba niwaachie maelezo ya kazi, ninyi mnaoanza, na haya hapa, ila mnisome mpaka mwisho.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na faili lenyewe limeliwa na panya upande mmoja.

Nilikuja hospitali yetu moja kwa moja kutoka chuo cha uuguzi, na sare niliyokuwa nimeipiga pasi mara tatu. Nilitegemea wodi. Nikapelekwa chumba cha kuchemshia vifaa, nyuma ya thieta, chumba chenye dirisha moja na joto la kuokea mikate. Mkuu wake alikuwa Mama Agnesi, Mlutheri wa Mlalo, mfupi, mwanamke asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanikabidhi beseni la glavu zilizotumika, maana wakati ule glavu zilioshwa, zikapakwa poda, zikarudi kazini.

"Jaza maji kila moja uminye," aliniambia. "Inayovuja weka pembeni."

Nikaminya glavu wiki mbili nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yangu ya kukaribishwa.

Mtambo wetu wa kuchemshia ulikuwa pipa la chuma lenye kifuniko cha skrubu na maandishi ya Kijerumani ubavuni, kwa hiyo tuliuita Mjerumani. Mama Agnesi alinifundisha kumsikiliza kuliko kumtazama. Saa yake ya kupimia joto ilikuwa inadanganya kwa nyuzi mbili tatu, lakini sauti ya mvuke haikudanganya. Alinifundisha pia habari ya ule utepe wa kubandika kwenye vifurushi, unaotoa mistari myeusi ukipata joto. "Huu unakwambia joto limefika," alisema. "Haukwambii kama limezidi." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa.

Sasa niwaambie juu ya ngiri, maana ndiyo iliyojaza rejista yetu. Milima hii inatoa ngiri kama inavyotoa viazi. Mtu anabeba gunia kutoka bondeni mpaka barabarani, anapanda, anashuka, anapanda tena, na siku moja anahisi kitu kimechomoza kinenani au kwenye kovu la zamani la tumbo. Anakifunga kwa kitambaa, anaendelea kubeba. Wakati nilipoanza, dawa yake ilikuwa uzi peke yake: unavuta nyama ya upande huu na ya upande ule, unafunga, unamwachia Mungu. Kwa tundu dogo ilitosha. Kwa tundu kubwa nyama iliyovutwa kwa nguvu ilichanika tena, na mgonjwa alirudi baada ya mwaka akiona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeshona vibaya.

Mshonaji wetu alikuwa Daktari Shemhilu. Kwa cheo alikuwa daktari msaidizi, lakini kwa mikono sijaona wa kumpita. Alikuwa mpole, mwenye kuvaa miwani iliyofungwa kwa plasta, na alikuwa na tabia ya kutushukuru kila tulipompa kifaa, hata mkasi. "Asante, Sista." Siku ya wagonjwa wanne nilihesabu asante sitini na kitu, nikachoka kuhesabu.

Mara chache zililetwa meshi za msaada kutoka nje, vipande vya wavu ndani ya pakiti za karatasi, vya kuwekwa juu ya tundu ili nyama iote kupitia matundu yake na kuushika kama mizizi inavyoshika tuta. Zile zilikuwa za polipropilini. Uzi wake ni mmoja mmoja, haukusokotwa, na mvuke hauzitishi. Ubaya wake ni ugumu kidogo, mgonjwa mwembamba anaweza kuihisi akiinama. Tulikata moja mara tatu, tukaihifadhi kama dhahabu. Zikaisha.

Ndipo Daktari aliporudi kutoka semina akiwa na habari ya ajabu: zipo hospitali zinazotumia kitambaa cha neti ya mbu, isiyotiwa dawa, na watu wanapona vizuri tu.

"Kesho twende sokoni tukanunue neti, Sista," aliniambia.

Nikadhani baridi imempanda kichwani. Lakini kwenda tukaenda, tukanunua aina tatu, na kwa wiki nzima chumba changu kikageuka maabara. Tulikata vipande sawasawa, tukavichemsha, tukavivuta kwa mawe ya bustanini, tukavitazama kwa kioo cha kukuzia. Kuna mkulima mmoja alisikia habari hizo akaleta neti aliyofunikia kitalu chake cha kabichi, ikiwa na udongo wake, akaomba ashonwe nayo hiyohiyo. Tulimshukuru. Zile za kugawiwa bure zina dawa ya mbu, na dawa ya mbu haina kazi ndani ya tumbo la mtu. Hilo mlishike.

Nailoni ilikuwa laini na nzuri kuishika, ila Daktari alisema mwilini inadhoofika mwaka hadi mwaka, mwisho inabaki kama haipo. Poliesta ilivumilia joto lolote tulilompa Mjerumani. Lakini kila uzi wake ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, na uchafu ukiingia katikati ya nyuzi hizo hautoki. Kidonda kikipata usaha, usaha unapata nyumba. Ya tatu ilikuwa polithini. Uzi mmoja mmoja kama ule wa meshi ya nje, matundu mapana, nyepesi, inakunjika pamoja na tumbo. Ilitupendeza wote wawili. Ilikuwa na sharti moja tu. Kwa nyuzi joto mia na ishirini na moja inatoka kama ilivyoingia. Kwa mia na thelathini na nne, lile joto la haraka la nguo na mashuka, inasinyaa, inakauka, matundu yanajifunga.

Nilijua. Kipande kilichosinyaa nilikichomoa mimi mwenyewe, nikakipigilia kwenye ubao karibu na mlango ili kila mtu akione. Mkisikia mtu anasema hakufundishwa, mwulizeni vizuri.

Kwa zaidi ya mwaka tulishona watu kwa polithini. Wachana mbao, wabeba viazi, mwalimu mmoja, imamu mmoja. Walitoka, wakarudi kutoa nyuzi, wakaenda zao kulima. Mama Agnesi alistaafu, chumba nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa nimekishika kwa miezi miwili alipokuja Bi. Zaina.

Bi. Zaina alikuwa mkulima wa Lukozi, kabichi na karoti, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika wodi ya pili. Ngiri yake ilikuwa kwenye kovu la upasuaji wa uzazi wa mtoto wake wa tatu, tundu la kuingia ngumi. Mumewe alikuwa Dar, akija Idi hadi Idi, na shamba lote lilikuwa mgongoni kwake. "Nishoneni vizuri," alituambia akiwa kwenye machela. "Mimi sina mtu wa kunibebea."

Asubuhi ile tulikuwa na wagonjwa watatu, na taarifa ilishakuja kwamba umeme unakatwa saa sita. Kazi ya mtambo ni mizunguko miwili: neti peke yake kwa joto la chini na muda mrefu, nguo peke yake kwa joto la juu na muda mfupi. Nikapiga hesabu ya saa, nikaona haitoshi. Nikachukua kifurushi cha neti nikakisukuma katikati ya mashuka, nikasema moyoni kwamba mashuka yatakikinga. Sijui nililitoa wapi wazo hilo. Mvuke unapita kila mahali, ndiyo kazi yake. Utepe ukatoa mistari yake myeusi, safi kabisa, nikakipeleka kifurushi thieta.

Nilipokifungua tumbo lilikuwa limeshafunguliwa. Neti ilikuwa imejikunja pembe zote, imepungua theluthi nzima, na ilikuwa ngumu kama ganda la limao lililokaa juani. Nyingine iliyochemshwa haikuwepo. Ningeweza kusema, "Daktari, nimeiunguza." Angeshona kwa uzi, au angemfunika kwa kitambaa tukangoja mzunguko mwingine kwa jenereta ya dharura. Angenishukuru, namjua. Sikusema. Niliogopa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemkaripia nesi mwenzangu mbele ya watu kwa kusahau koleo, na mdomo wangu ulikuwa bado una moto wa maneno yale. Nikailowesha neti kwenye maji ya chumvi, nikaivuta kwa koleo mbili mpaka ikalala, nikampa.

"Mbona ngumu leo?" aliniuliza.

"Ni bando jipya, Daktari."

"Asante, Sista."

Bi. Zaina aliamka vizuri, akaondoka siku ya sita akiwa anacheka. Baada ya miezi minane alirudi hacheki tena. Ngiri ilikuwa imetoka kando ya neti, na kovu lilikuwa linatoa usaha. Daktari akamfungua upya. Neti ikatoka yote kwa mara moja, maana nyama haikuishika popote. Ilikuwa imejiviringisha kuwa kijiti. Tundu lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na kwa usaha ule hakuna kitu kipya kingeweza kuwekwa. Alivuta kingo kwa uzi jinsi zilivyokubali, akafunga. Kisha akakiweka kile kijiti kwenye trei, akavua miwani, akakitazama muda mrefu.

"Sista, hii ilichemshwa kwa joto gani?"

"Mia na ishirini na moja, Daktari. Kama siku zote."

Aliniamini bila kunyanyua macho. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka, na haraka inampata kila mtu. Hili la pili nilikuwa na nafasi ya kutosha, nimesimama, mikono yangu haina kazi, na nikalisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Kesho yake tulizunguka wodi pamoja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Bi. Zaina, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mgonjwa.

"Bi. Zaina, mwili wako umeikataa neti," alimwambia. "Iko miili ya namna hiyo. Si kosa la mtu."

"Wenzangu imewakubali?"

"Wengi wao."

"Basi kwa nini wangu?"

"Hilo Mungu ndiye ajuaye."

Alilia bila sauti, akanishika mkono kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikamwachia mkono wangu. Nikamwekea mto vizuri.

Daktari alikuwa mwangalifu, na uangalifu wake ndio uliotuponza. Alihofia wale wengine wote tuliowashona. Akaubandua ule ubao mlangoni, akaandika kwa mkono wake mwenyewe karatasi ambayo ninyi mmeikuta na kuizoea: neti ya polithini isitumike. Hakuna aliyewaita wale wachana mbao na yule mwalimu kuwatazama. Rejista ilisema "neti" tu, haikusema neti gani wala joto gani, maana aliyekuwa akiijaza ni mimi. Wenye uwezo wakapelekwa Tanga kutafuta meshi. Wengine tukawarudisha kwenye uzi.

Mmoja wa hao alikuwa mchana mbao wa Shume, baba wa watoto watano. Tulimshona kwa uzi, ikafunguka, akaogopa kurudi. Akaendelea kukaza mshipi mpaka siku utumbo uliponasa. Walimteremsha kwa pikipiki, wamemweka katikati ya watu wawili kama mzigo, akafika kwetu utumbo umeshakuwa mweusi. Alikufa saa kumi jioni. Nilimwosha mimi. Huenda hata neti nzuri isingemwokoa, sitaki kujibebesha zaidi ya yangu. Lakini nafasi hiyo hakuipata.

Daktari Shemhilu alistaafu, akarudi kwao Bumbuli, akafariki baada ya muda mfupi. Nilikwenda mazishini. Mara mbili katika miezi yake ya mwisho nilikuwa nimemtembelea nikiwa na maneno mdomoni, na mara zote mbili alinishukuru kwa kuja, tukanywa chai, nikaondoka nayo maneno yangu. Wakati tunatupia udongo nilijisikia mchafu.

Sasa hivi meshi za polipropilini zipo, si kama zamani, na mtambo mpya unaandika wenyewe joto lake kwenye karatasi. Msiziamini sana karatasi. Kwenye rejista andikeni kitu gani kimewekwa, kimetengenezwa kwa nini, kimechemshwa kwa joto gani, na nani amekichemsha. Msichanganye neti na nguo hata kama mkuu wa hospitali mwenyewe amesimama mlangoni anapiga mguu chini. Na ile karatasi ya Daktari iondoeni ukutani. Alikuwa mtu mkweli aliyeandika uongo wangu.

Wiki ya tatu ya kustaafu nilikwenda Lukozi. Nilikuwa sijamwona Bi. Zaina kwa miaka kumi na saba. Nilijua jambo moja tu juu yake: meshi nzuri zilipoanza kupatikana tuliwaita wagonjwa wa zamani, na yeye hakuja.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua maharage. Amekonda, na tumbo amelifunga kwa kanga mbili, moja juu ya nyingine. Aliniona nikipandisha.

"Onga mshi," alinisalimu kwa Kisambaa, kisha akanitambua, akaangusha ungo. "Sista wa thieta! Wewe ndiye uliyenishika mkono."

Nikakataa kiti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma majina: mashuka, umeme, joto, neti iliyojikunja, swali la Daktari, jibu langu. Mwanamke yule wa maneno mengi alinyamaza mpaka nikatamani anitukane.

"Kwa hiyo mwili wangu haukukataa," alisema mwishowe.

"Haukukataa. Niliiharibu mimi."

"Na Daktari?"

"Hakujua. Nilimdanganya."

Alijishika tumbo juu ya kanga kwa viganja vyote viwili.

"Nimeuchukia mwili huu," alisema. "Mliponiita mara ya pili nilisema siendi, utakataa tena, nitawaharibia kitu cha watu bure. Nimelima kwa kuinama upande. Mume wangu alisema ameoa mwanamke mbovu, na mimi nikaona anasema kweli."

Nikasema, "Nisamehe, Bi. Zaina."

Aligeuka akaita kuelekea mferejini, "Mwanaidi! Njoo huku."

Akaja binti wa miaka kama ishirini na sita, mikono imelowa, alikuwa anaosha karoti. Alinipa shikamoo akiwa ameinama kidogo, na alipoinuka nikaona. Alikuwa amefunga tumbo kwa kanga mbili, moja juu ya nyingine.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu mtoto wa pili, mama. Nilizaa kwa kisu."

"Kwa nini hukuja hospitali?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Sisi miili yetu inakataa," alisema. "Nimechukua damu ya mama."

"Mwambie na huyu," Bi. Zaina alisema. "Vilevile kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nikayasema yote tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu huyu alikuwa ananiangalia usoni muda wote, na wakati naiunguza ile neti alikuwa mtoto wa shule. Nilipomaliza alijipangusa vidole kwenye kanga.

"Kwa hiyo mimi naweza kushonwa?"

"Unaweza," nilimwambia. "Ulikuwa unaweza siku zote."

Bi. Zaina aliinuka kwa taabu, mkono mmoja tumboni, mwingine ukutani.

"Kavae viatu," alimwambia binti yake. "Tukitoka sasa tutawakuta."

Nikasema nitawasindikiza, nawajua watu wote wa pale, nitawaombea wasikae foleni. Alikwishageuka kuingia ndani kuchukua kanga ya kujitanda. Alisimama mlangoni bila kunitazama.

"Wewe baki, Sista," alisema. "Njia tunaijua."